Mto Ulio Nyuma ya Benchi

Benchi lenyewe ni ubao wa mtumbwi uliochakaa, umelazwa juu ya mawe mawili, hatua kumi kutoka darajani. Mbele yake ipo barabara, na ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha kinyozi, duka la vipuri vya baiskeli na ukuta mrefu wa shule. Nyuma yake kuna mto. Si mto wa kutisha. Mtu mzima akikunja suruali anauvuka bila kulowa mapaja, na ukiufuata kwa robo saa unalikuta ziwa, lile kubwa lisiloonekana mwisho, ambalo hata likiumeza mto huo halibadiliki rangi. Wanaokaa kwenye benchi huitazama barabara, maana barabarani ndiko wanakopita watu, na watu ndio wa kusemwa. Mto wameupa mgongo kwa miaka minane. Tena benchi lina sheria moja tu: hapa hakuna kuhakikisha. Ukigeuka kutazama, ukiinuka kwenda kuuliza, au ukitoa karatasi mfukoni ili uthibitishe, umeshindwa, na aliyeshindwa anaosha vikombe. Ndiyo maana kwa miaka yote hiyo vikombe vimeoshwa na muuza kahawa.

Muuza kahawa wa sasa anaitwa Mama Birika. Birika alilirithi kwa mama mkwe wake miaka minne iliyopita, magoti ya yule bibi yalipogoma kuchuchumaa. Ni mama mdogo wa umri na mpole wa sauti. Kwa miaka minne benchi halijamsikia akisema zaidi ya "niongeze?" na "ni moto, angalieni".

Asubuhi hiyo alikuja na karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu, ameikunja mara mbili na kuichomeka kifuani isije ikalowa.

Mambo yalikuwa hivi. Binti yake, ambaye wote humwita Shangazi kwa kuwa amerithi jina la shangazi yake na mdomo wake pia, alikuwa ametimiza umri wa kuanza darasa la kwanza. Sketi ya buluu ilikuwa imeshashonwa, ndefu kupita magoti ili imfae miaka mitatu. Shule ilikuwa pale pale, nyuma ya ukuta. Lakini shule hiyo hupokea watoto wa upande huu wa mto tu. Wa upande wa pili wana shule yao, mbali, ambako mtoto lazima avuke barabara kuu ya malori asubuhi na jioni. Na nyumba ya Mama Birika ilikuwa katikati.

Katikati kweli. Zamani mto ulipita nyuma ya nyumba hiyo. Mvua za mwaka juzi zikaupasua hapo chini ya daraja, ukatoa mkono mwingine uliopita mbele ya nyumba, kati ya mlango wao na benchi. Sasa nyumba ilikuwa na maji mbele na maji nyuma, na kila mkono ulikwenda kuingia ziwani kwa mlango wake. Mwenyekiti wa mtaa huu alimwambia mto ni huo wa mbele, kwa hiyo yeye ni mtu wa ng'ambo. Mwenyekiti wa ng'ambo akamwambia mto ni ule wa nyuma, kwa hiyo yeye si mtu wake. Wote wawili walimrudisha kwa adabu kabisa, na mmoja hata alimpa kiti.

Mwalimu mkuu alimsikiliza, akakuna kidevu.

— Mimi si mtu wa ramani, alimwambia. Lakini pale darajani kuna benchi lina watu wa siku nyingi. Wakikubaliana watatu, waandike mto ni upi na nyumba yako iko upande gani, watie saini. Nitampokea mtoto. Ila daftari linafungwa leo saa sita.

Mama Birika alitoka ofisini. Watatu wakubaliane. Wiki iliyopita tu walibishana mpaka adhuhuri kama kuku hulala amesimama au amekaa, na kuku mwenyewe alikuwa amelala chini ya benchi.

Alimimina vikombe vitatu kwanza. Mtu mwenye kikombe mkononi hukataa polepole.

— Wazee wangu, alisema, nina shida.

Wote watatu walimgeukia. Mkubwa wao ni Mnyororo. Ujanani alifanya kazi wiki sita kwa wapima ardhi, akishika ncha moja ya mnyororo wa kupimia, na tangu hapo hakuna kipande cha dunia asichokijua. Wa katikati ni Kinyozi, ambaye huacha kibanda wazi na mteja kitini. Wapo waliokwisha kurudi nyumbani wamenyolewa upande. Wa mwisho ni Fundi Pampu, anayetengeneza pampu za wenye bustani kule ziwani. Humwita Mama Birika shemeji, kwa sababu mumewe ni rafiki yake, na mume huyo yuko safarini kwenye kazi ya barabara.

Mama Birika akaeleza yote, macho kwenye makaa.

— Mwanangu, hiyo si shida, alisema Mnyororo. Hiyo ni dakika mbili.

— Lete karatasi, akasema Kinyozi. Na kalamu.

— Shemeji, huyo ameshaingia darasani, akasema Fundi Pampu. Mwezi ujao anakuja kunisahihisha mimi.

Moyo ulimtua Mama Birika. Alitoa karatasi, akaikunjua juu ya mfuniko wa ndoo, akampa Mnyororo kalamu. Ilikuwa saa nne.

— Haya, alisema Mnyororo. Mto ni upi?

— Andika, ni ule wenye maji mengi, alisema Kinyozi.

— Yaani wa nyuma.

— Wa mbele, mzee.

— Mbele ipi? Mbele mimi naona barabara.

— Mbele ya nyumba ya Mama Birika.

— Mbele ya nyumba yake ni nyuma yetu.

— Ndiyo nasema. Wa mbele.

— Wa nyuma, basi.

— Ngojeni, alisema Fundi Pampu. Kuna wa nyuma ya nyumba, na kuna wa nyuma ya benchi. Wa nyuma ya benchi ndio wa mbele ya nyumba. Wa nyuma ya nyumba uko nyuma zaidi.

— Nyuma ya nani?

— Ya wote.

Mnyororo alifunika kalamu kwanza.

Mama Birika alikuwa amechuchumaa mbele yao kando ya jiko, na kwa kukaa hivyo ni yeye peke yake aliyeuona mto. Alitaka kusema kwamba maji ya asubuhi hayafanani na ya mchana. Akafungua mdomo.

— Niongezee kidogo, dada, alisema Kinyozi.

Akamwongezea.

— Tusiende kwa mbele na nyuma, alisema Mnyororo. Twende kwa utaalamu. Nilipokuwa na wapima ardhi, mto ulikuwa mstari. Mmoja. Mstari wa buluu, unatoka milimani, unafika ziwani, kwisha. Mstari hauna mikono.

— Lakini huu una mikono miwili, alisema Fundi Pampu.

— Basi si mto.

— Ni nini?

— Ni maji. Mto ulikuwepo, sasa haupo. Hayo yanayopita hapo ni maji tu yanayotafuta njia.

Mama Birika alihesabu kimya kimya. Kama hakuna mto, hakuna ng'ambo. Kama hakuna ng'ambo, wote ni wa upande mmoja.

— Basi mzee, andika hivyo, alisema kwa haraka. Kwamba hakuna mto.

— Siwezi kuandika hakuna mto, mwanangu. Watauliza lile daraja ni la nini.

Fundi Pampu alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini.

— Nyinyi mnaongea vitabu, alisema. Mimi naingia kwenye maji kwa mikono. Mwezi uliopita nilifunga pampu ya mtu kwenye huu mkono wa karibu. Saa tatu asubuhi ikavuta tope jekundu, la milimani. Tukanywa chai, tukakaa. Saa nane mchana pampu ile ile, bomba lile lile, ikavuta maji meupe yenye dagaa. Dagaa ni wa ziwani. Wametafuta nini huku?

— Wametembea, alisema Kinyozi.

— Kupanda?

— Kwani wewe ukienda kwa mama mkwe wako hupandi?

— Mimi nasema huu mkono wa karibu si mto. Ni ziwa limenyoosha mkono. Mto halisi ni ule wa nyuma ya nyumba. Shemeji, wewe ni wa upande huu. Andika, mzee.

Mnyororo akafungua kalamu. Mama Birika akashika ukingo wa mfuniko ili usitikisike. Wino ukagusa karatasi, ikatokea nukta.

— Subiri, alisema Kinyozi.

— Kaka, naomba, alisema Mama Birika.

— Nakusaidia, dada. Wakiandika kwamba mbele ya mlango wako ni ziwa, maana yake unaishi ziwani. Uliwahi kusikia mtaa wa ziwani? Ufukwe si wa mwenyekiti yeyote. Utapelekwa ofisi ya wavuvi, na hao hawana shule.

Mnyororo akafunika kalamu. Nukta ikabaki peke yake.

Mama Birika alitazama juu ya mabega yao. Ng'ambo ya maji, mlangoni pa nyumba yake, Shangazi alikuwa amesimama na sketi ya buluu, ingawa aliambiwa asiivae mpaka aambiwe. Nyuma yake alikaa mama mdogo wake, aliyekuja kumshika kwa siku hiyo, anamsuka nywele huku mtoto akisogea na yeye akimfuata na kitana.

Alitaka kuwaambia watazame. Lakini kumwambia mtu wa benchi hilo atazame ni kumwambia akaoshe vikombe, na watu watatu waliokasirika hawatii saini.

— Tatizo lenu, alisema Kinyozi, mmekubali jambo bila kuliuliza. Nani kawaambia mto unaingia ziwani?

Fundi Pampu alimtazama kama mtu anayetazama nywele zake baada ya kunyolewa na Kinyozi.

— Unaingia wapi, kama si ziwani?

— Unatoka ziwani. Fikirini wenyewe. Ziwa ni kubwa, mto ni mdogo. Katika kila nyumba anayetoa ni nani? Mkubwa. Mdogo anapokea. Wewe ulishaona mtoto anamlisha baba?

— Kwa hiyo maji yanapanda mlima.

— Kidogo kidogo.

— Na hakuna anayeyaona.

— Wewe umeyaona? Umesema mwenyewe dagaa wanapanda.

Fundi Pampu alifuta goti lake lenye kahawa. Ilikuwa kweli amesema.

— Wahenga walisema, alianza Mnyororo.

Wakangoja.

— Walisema nini? aliuliza Kinyozi.

— Walisema mengi. Lakini hili la mto nalikumbuka vizuri, maana nilikuwepo. Lililohama ni daraja.

— Daraja la zege, mzee?

— Zege ni mchanga na mawe, na mchanga hutembea. Tulipopima, daraja lilikuwa kule kwenye duka la baiskeli. Likasogea. Mto ukaona daraja limesogea, nao ukalifuata, kwa sababu mto lazima upite chini ya daraja. Ulipofika katikati ukachoka, nusu ikabaki kule nusu ikaja huku. Ndiyo mikono miwili hiyo.

— Na duka la baiskeli halikulowa.

— Wakati huo halikuwepo.

— Mimi nimelikuta, alisema Kinyozi, na ninyi mmenikuta mimi.

Mama Birika alipuliza makaa bila sababu. Kadiri alivyosikiliza ndivyo hata yeye alivyoanza kupotea. Mto anaouvuka kila siku alfajiri akiwa na birika kichwani sasa ulikuwa haupo, kisha ulikuwa ziwa, kisha ulikuwa unapanda mlima nyuma ya daraja linalotembea. Saa ya redio ya duka la baiskeli ikasema saa tano na nusu.

— Mimi nitawapa jibu la mwisho, alisema Fundi Pampu, akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru. Ziwa linapumua. Linavuta na kusukuma. Asubuhi mto unaingia, mchana ziwa linausukuma urudi. Kama pampu.

Mama Birika aliinua uso. Hilo ndilo alilotaka kusema tangu saa nne.

— Ni kweli, shemeji, alisema. Mimi mwenyewe nime—

— Na kama ni pampu, aliendelea Fundi Pampu, lazima kuna vali. Na kama kuna vali, kuna aliyeifunga. Kule chini kabisa, katikati ya ziwa, pana chuma. Nimewahi kukisikia. Ukizamisha kichwa, chuma hicho kinalia ka, ka, ka.

— Hayo ni meno yako, maji ni baridi, alisema Kinyozi.

— Vali ikiharibika, ziwa lote linarudi milimani na sisi tunabaki na tope.

— Si ndiyo nilivyosema mimi? Linapanda.

— Wewe ulisema linapanda lenyewe. Mimi nasema linapandishwa.

— Tofauti gani?

— Tofauti ni fundi.

Mama Birika alifunga mdomo, akarudisha macho kwenye jiko.

Hapo ndipo alipofika mgeni. Alikuwa dada kijana, viatu vyekundu kwa vumbi, mwavuli mkono mmoja na kwapani daftari kubwa lenye jalada la kijani. Mama Birika alilitambua daftari kabla ya kumtambua mtu. Asubuhi lilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu.

— Shikamooni, alisema mgeni. Kahawa ipo?

— Marahaba, wakaitika. Mnyororo akamsogelea Kinyozi, mgeni akapata pa kukaa penye ukubwa wa sahani.

Mama Birika akainamisha birika. Kilitoka kikombe kimoja, hakikujaa.

— Mimi ndiye mwalimu wa darasa la kwanza, alisema mgeni. Nimehamia juzi. Mwalimu mkuu kanituma kwa mama mwenye birika. Nimebakiza mstari mmoja, na saa sita nafunga. Karatasi imepatikana?

Mama Birika alimwonyesha karatasi. Mwalimu akaitazama nukta, akaigeuza, akatazama upande wa pili.

— Ndiyo hii?

— Tuko mwishoni, mwalimu, alisema Mnyororo.

Wakamweleza. Walimweleza wote watatu kwa pamoja, mstari wa buluu, dagaa, daraja na vali, na mwalimu alinywa kahawa taratibu, akitikisa kichwa kama anavyofanya mtu anayesikiliza wanafunzi wa siku ya kwanza. Walipomaliza aliuliza:

— Samahani, mimi ni mgeni. Sasa hivi maji yanakwenda wapi?

— Ziwani, alisema Mnyororo.

— Mlimani, alisema Kinyozi.

— Inategemea vali, alisema Fundi Pampu.

— Sijauliza yanakwendaga wapi. Nauliza dakika hii tunayoongea. Si yako hapo nyuma yenu?

— Yapo, alisema Kinyozi.

— Yanakwenda wapi?

Shingo ya Kinyozi ilianza safari, ikafika begani, ikarudi. Mnyororo alitazama barabara kwa nguvu, kama mtu anayengoja gari lake. Fundi Pampu aliokota kikombe, akakuta kitupu, akakinywa hivyo hivyo.

— Mwalimu, alisema Mnyororo kwa upole, wewe hujui sheria ya hapa.

— Sheria gani?

— Anayegeuka ameshindwa, na aliyeshindwa anaosha vikombe.

Mwalimu akatazama vikombe. Vilikuwa vinne. Akatazama saa yake ya mkononi. Kisha akakiweka kikombe chake kando ya vingine, akalichukua daftari, akalirudisha kwapani, akainuka.

Mama Birika aliona daftari lile likiingia kwapani. Akamwona Shangazi kule mlangoni, nywele zimesukwa upande mmoja. Akaona pia malori ya barabara kuu, ingawa kutoka hapo hayaonekani. Alisimama. Magoti yalilia, na birika tupu lilikuwa bado mkononi.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Hiyo sauti hawakuijua. Haikuwa kubwa, ilikuwa tu imenyooka.

— Imekwisha, na sitapika nyingine leo. Geukeni, wazee wangu.

— Mwanangu, sheria —

— Geukeni wote kwa pamoja. Hatakuwepo wa kwanza.

Walitazamana. Ubao wa benchi ukalia. Wakainua miguu, mmoja akishika bega la mwenzake, wakaivusha upande wa pili kama wazee wanaoshuka kitandani, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane wakaketi wakiuelekea mto.

Maji yalikuwa karibu kuliko walivyodhani. Upepo wa ziwani ulikuwa umeshaanza, na juu ya maji lilikuja jani kubwa la mgomba, linaelea. Halikuwa linatoka darajani. Lilikuwa linatoka ziwani. Likapanda pole pole mpaka usawa wa benchi, likasimama, likazunguka mara mbili, likakaa hapo hapo.

— Linapanda, alisema Kinyozi.

— Limesimama, alisema Fundi Pampu.

— Linafikiria, alisema Mnyororo. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

— Sikuwa najua mto ni mpana hivi, aliongeza.

— Asubuhi yanashuka, alisema Mama Birika. Mikono yote miwili, wa huku na wa kule. Upepo wa ziwani ukianza yanasimama, halafu yanarudi mpaka chini ya daraja. Jua likiinama yanashuka tena. Miaka minne nachuchumaa majini naosha vikombe vyenu, kwanza kule, sasa hapa. Mashapo ya kahawa ya asubuhi yanakwenda ziwani, ya mchana yananirudia miguuni.

— Dada, na muda wote huu umekaa kimya?

— Nilitaka kusema saa nne, kaka. Ukaniomba nikuongezee.

Kinyozi akatazama vidole vyake.

— Sasa mto ni upi? aliuliza Mnyororo. Aliuliza kama mtu asiyejua, na benchi halikuwahi kumsikia akiuliza hivyo.

— Sijui, mzee. Wa mbele mchana una maji ya ziwa. Wa nyuma nao ni hivyo hivyo. Asubuhi yote miwili ni mto. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nadanganya.

— Basi hatuwezi kuandika, alisema Fundi Pampu.

— Mnaweza. Mzee, wewe unajua mto ni upi?

Mnyororo alilitazama lile jani. Lilikuwa limeanza kupanda tena.

— Sijui.

— Kaka?

— Nilikuwa najua, alisema Kinyozi. Mpaka nilipogeuka.

— Shemeji?

Fundi Pampu alitikisa kichwa.

— Mwalimu, alisema Mama Birika, mwalimu mkuu alitaka watatu wakubaliane. Hawa wamekubaliana kwamba hawajui. Sasa waandike wanachokiona.

— Tunaona nini? aliuliza Mnyororo.

— Ubao.

Wakauona. Ulikuwa ubao mmoja mrefu, umetoka mlangoni pa nyumba ile, ukapita juu ya maji, ukaja kukaa upande huu, hatua tano kutoka kwenye benchi. Mumewe aliuweka kabla hajasafiri, akaufunga kwa waya kwenye jiwe. Juu yake, katikati kabisa, alisimama Shangazi, sketi ameishika kwa mikono miwili isiguse maji, anawatazama wanaume watatu ambao hadi siku hiyo alikuwa hajawahi kuona nyuso zao kutoka upande wa nyumbani kwao.

— Na kule nyuma? aliuliza mwalimu. Kuna ubao?

— Hakuna, alisema Mama Birika. Kule ni tope la kiunoni. Hakuna anayepita.

Mnyororo hakufunika kalamu tena. Aliandika mwenyewe, polepole, ulimi umetoka pembeni, na Kinyozi akimsomea herufi ambazo hakuomba kusomewa. Walianzia kwenye ile nukta:

"Sisi watatu wa benchi la darajani hatujui mto ni upi. Tumegeuka na kutazama, na bado hatujui. Nyumba ya muuza kahawa ina ubao mmoja, na ubao huo unatokea upande huu. Mtoto akitoka nyumbani hawezi kutokea kwingine."

Mnyororo akatia saini yenye mikia. Kinyozi akatia yake. Fundi Pampu akaandika jina, na kidole gumba kikaacha alama ya grisi pembeni, kubwa na ya wazi kuliko jina.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Redio ya duka la baiskeli ilikuwa inapiga muziki unaotangulia taarifa ya saa sita.

— Mwalimu mkuu alitaka mseme nyumba iko upande gani wa mto, alisema.

— Mto tukiupata tutamwambia, alisema Mnyororo.

Mwalimu akafikiri kidogo. Akamtazama mtoto juu ya ubao, akautazama ukuta wa shule, akapima kwa macho. Kisha akaketi, akafungua daftari la kijani magotini.

— Jina la mtoto?

Mama Birika akalitaja lote, lile la darasani, la mtoto, la baba na la babu, na benchi likasikia kwa mara ya kwanza kwamba Shangazi ana jina refu hivyo. Mwalimu akaliandika kwenye mstari wa mwisho, akaichomeka karatasi ndani ya daftari, akalifunga. Redio ikasema saa sita.

Mama Birika aliketi. Hakuchagua pa kukaa. Miguu ndiyo iliyochagua, na hapo palikuwa benchini. Shangazi akamalizia ubao, akaja akajiegemeza gotini kwake, harufu ya mafuta ya nywele bado mbichi.

— Sasa, alisema Kinyozi, akitazama vile vikombe. Kuhusu sheria.

— Tuligeuka pamoja, alisema Fundi Pampu.

— Basi tumeshindwa pamoja.

Hapakuwa na la kubishia. Mnyororo akakunja suruali. Wakateremka watatu mpaka ukingoni, wakachuchumaa kwa shida, kila mmoja na kikombe chake, na Kinyozi akachukua na cha mwalimu. Hawakujua pa kuanzia. Fundi Pampu akasugua kwa kidole, kikombe kikatoka na grisi kuliko kilivyoingia. Mashapo meusi yakaanguka majini, yakatawanyika, yakaenda kidogo upande wa daraja, yakasita, yakarudi kidogo upande wa ziwa.

Mwalimu alikuwa ameinuka aondoke. Akasimama juu yao, mwavuli umefunguliwa.

— Na sasa hivi, aliuliza, vikombe hivyo mnaviosha mtoni au ziwani?

Mikono mitatu ikasimama ndani ya maji. Mnyororo akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Fundi Pampu, na Fundi Pampu akageuka kumtazama Mama Birika. Mama Birika alikuwa akimalizia kumsuka Shangazi ule upande wa pili, kipande cha uzi mdomoni, na kama angetaka kujibu asingeweza.